Kabla ya kununua jogoo, jua mayai unayototolesha ni ya nani

Mkuu, umesema una mitetea 14 mchanganyiko: wa kienyeji, machotara wawili watatu na kuchi mmoja (wale warefu wenye umbo kubwa), na unauliza uingize jogoo gani ili vizazi vijavyo vitage zaidi. La jogoo nitakujibu, ila naomba kwanza ujiulize: mayai unayototolesha ni ya mtetea yupi?

Hapo ndipo mimi nilipopoteza miaka miwili mizima. Nafugia Kibaigwa, Dodoma, na nilianza na mitetea 11. Nilifuata utaratibu tunaoujua sote: kuku akitaga mayai yake 12 au 13 akaanza kulalia, namwachia atotoe. Asiyelalia, mayai yake tunakula au yanaenda dukani. Sasa fikiria nani anaacha watoto bandani. Ni mlaliaji! Yule anayetaga mwezi mzima bila kukaa, ukoo wake unaishia kwenye kikaango. Kumbe kila mwaka nilikuwa nachagua kuku wa kulalia, huku nalalamika mayai hayaongezeki.

Aliyegundua ni mke wangu. Asubuhi kabla ya kufungua banda huwa anawapapasa kujua nani ana yai, kama mama yake alivyomfundisha. Tulikuwa na kishingo (kuku asiye na manyoya shingoni) mmoja mwekundu, mdogo wa umbo, ambaye wateja wa nyama hawakumtazama mara mbili. Siku ya nne mfululizo mke wangu akaniambia, "Baba, huyu kishingo ana yai tena." Siku hiyohiyo nikanunua daftari. Nikachuna ganda la plastiki kwenye nyaya za umeme za rangi, nikalizungusha mguuni mwa kila mtetea: nyekundu, bluu, njano, nyeusi, na waliobaki rangi mbilimbili. Wakati wa kutaga mmoja wetu alikaa karibu na viota akiandika. Ni kazi, sikufichi, lakini miezi mitatu inatosha kukuonyesha ukweli. Kishingo alinipa mayai 51. Kuchi wangu mkubwa, niliyekuwa najivunia kwa wageni, alinipa 14.

Tangu hapo mayai ya mitetea mitatu bora ndiyo pekee yanayototoleshwa. Nayaandika kwa penseli rangi ya mama na tarehe, nayaweka mahali penye ubaridi, ncha nyembamba ikiangalia chini, wala sitotoleshi yai lililozidi siku 7. Wanaolalia ni mitetea miwili ya kienyeji, walezi wazuri sana, ila mayai yao wenyewe tunakula. Kwa hiyo usiwachinje walaliaji wote, wape tu watoto wa wenzao. Mtagaji akianza kulalia, namweka siku tatu nne kwenye tenga lililoinuliwa, hewa ipite chini ya tumbo, na maji na chakula anapata humohumo. Anaacha.

Daftari likikushinda, tumia mkono. Chini ya njia ya yai kuna ncha mbili za mifupa. Anayetaga vizuri, vidole vitatu vinapita katikati yake. Asiyetaga, hata kimoja kinabanwa. Na mwenye miguu ya njano ikipauka usidhani ni mgonjwa, rangi hiyo anaipeleka kwenye viini.

Sasa jogoo. Hatagi, lakini nusu ya damu ya binti zake ni yake, na upanga wa kichwani na kifua havikuambii kitu kuhusu mayai. Mimi niliwahi kununua mnadani jogoo wa kuchi, mrefu, mzuri wa kupiga picha. Binti zake walichelewa kutaga, na walipoanza walitaga kidogo. Kwa nyama sina ugomvi na kuchi hata kidogo. Kwa mayai, nunua kwa mtu anayeweza kukuonyesha mama wa jogoo na kukueleza anavyotaga. Jogoo wa Kuroiler au Sasso naye ni chotara, hivyo watoto wake watatofautiana sana na itakubidi uchekeche zaidi. Nilichokuja kukipenda ni Black Australorp, kwa sababu ni mbegu yenye ukoo wake na inataga. Jogoo mmoja anatosha mitetea 8 hadi 10. Na umbadilishe kila mwaka, asije akapanda binti zake.

Chakula nitapita haraka: pumba, mashudu ya alizeti, dagaa na chokaa ya mifugo. Kuku mwenye damu nzuri akishinda njaa atataga kama wa jalalani. Chanjo ya kideri (Newcastle), matone ya jicho kila miezi mitatu, usiiruke. Mimi niliiruka mara moja nikazika mitetea 9 ndani ya wiki, wawili kati yao binti za kishingo. Uchungu ule sijausahau.

Mwanzoni mitetea 11 ilinipa mayai matatu au manne kwa siku. Leo ninao 12, wengi ni wajukuu wa kishingo, na nakusanya saba, siku nyingine manane.

Ukishampata jogoo mpya, mtoe wa zamani kwanza na usubiri wiki tatu kabla ya kukusanya mayai ya kutotolesha. Mtetea huhifadhi mbegu ya jogoo ndani yake siku nyingi baada ya kupandwa, kwa hiyo mayai ya wiki hizo kuleni tu.