Friza inaposoma nyuzi 4078

Ukiandika draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kihisi cha jotoridi ukiwa Kampala, kosa la ishara ya namba (chanya au hasi) linaweza kujificha miaka mingi. Hewa yetu haishuki chini ya sifuri, labda upande kilele cha Rwenzori. Namba hasi haipiti kabisa kwenye msimbo wako, mpaka siku kifaa kinapofungwa kwenye friza ya samaki.

Niliwahi kukabidhiwa draiva ya namna hiyo niitengeneze. Kihisi ni DS18B20, friza iko nyuzi −18, skrini inaonyesha 4078. Hapo usikimbilie kubadilisha waya, piga hesabu kwanza. Kihisi hiki hugawa nyuzi moja mara 16, kwa hiyo −18 hutumwa kama −288, yaani 0xFEE0 kwa biti 16 (0x ni namba za msingi wa 16). Isome bila ishara, yaani kama namba chanya tu: 65248. Gawa kwa 16, unapata 4078 ileile.

Kinachowapoteza wengi ni kwamba kigeu chenyewe, kwa lugha ya C, kilikuwa `int`, chenye ishara. Lakini baiti mbili ziliunganishwa kwa `buf[1] << 8 | buf[0]`, na `int` ya biti 32 inaibeba 65248 bila shida, ikiwa namba chanya. Kompaila haina cha kulalamikia. Dawa ni kupitisha jibu kwenye `int16_t`, namba ya biti 16 yenye ishara, kabla ya hesabu nyingine yoyote. Ndani ya kerneli (kiini) ya Linux tumia `sign_extend32(v, 15)`. Hiyo 15 ni nafasi ya biti ya ishara, kaihakikishe kwenye karatasi ya maelezo ya kihisi chako.

Ndugu yake kosa hili ni kuweka jibu la `platform_get_irq()`, inayoleta namba ya ukatizi (interrupt) wa kifaa au namba hasi ikishindwa, kwenye `unsigned int`, aina isiyo na ishara, kisha kuuliza `if (irq < 0)`. Sharti hilo halitimii kamwe: kosa −6, kwa mfano, limeshakuwa 4294967290, na draiva inasonga mbele na namba ya uongo. Onyo la kompaila `-Wtype-limits` hulikamata, liwashe.

Tafadhali, usigeuze kila kitu kuwa `int`. Rejista za kifaa (vihifadhi vyake vidogo vya biti) zibaki bila ishara, maana `1 << 31` kwenye `int` haina matokeo yanayoaminika; andika `1U << 31`.

Friza ya kujaribia huna? Barafu iliyopondwa na chumvi, hata ile ya Ziwa Katwe, hushuka chini ya sifuri vizuri tu. Au ilishe draiva baiti 0xE0 na 0xFE kwa mkono, uone kama inakujibu −18.