Nimeziba madirisha yote, rangi imeingiaje ndani ya basi?

SWALI: Shikamoo fundi. Natengeneza mfano wa basi kwa vipande vya plastiki, kipimo 1:20, urefu kama sentimita 60. Viti nilishavipaka na kuvigundisha. Nikabandika tepu ya karatasi kwa nje juu ya kila dirisha, nikapuliza rangi ya kopo. Nilipobandua, viti vimejaa vumbi la rangi na kingo za madirisha zimebaki nyeupe. Nimekosea wapi? (Kijana wa Uyole, Mbeya)

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Umeyataja madirisha, lakini hujasema neno juu ya matao ya magurudumu, mlango wala matundu ya taa. Nadhani humo ndimo rangi ilimopita. Ukungu wa rangi husukumwa na hewa, na hewa ikipata pa kuingilia na pa kutokea, hupita katikati ya basi na kuacha rangi njiani. Tao moja likibaki wazi, umeziba bure. Kabla ya kupuliza, weka tochi ndani gizani: kila panapotoka mwanga patapita rangi.

Kingo nyeupe ni kosa jingine. Tepu ile ilibuniwa na Richard Drew wa kampuni ya 3M, Marekani, mwaka 1925, kwa ajili ya mafundi waliopaka magari rangi mbili. Kazi yake ni kuchora mstari juu ya bati. Ukiitandaza juu ya uwazi, inaufunika pia unene wa ukingo, na rangi inajijenga kama ngazi pembeni mwake. Uwazi uzibwe kwa ndani.

Nenda kwa mafundi wa makochi, waombe vipande vya sponji ya godoro. Kata kipande kinachozidi dirisha kwa milimita 2 au 3 kila upande, kibane kwa vidole, kisukume ndani, kisha kiache kijitanue. Kirudi nyuma ya ukingo kidogo, kama milimita 2, ili unene wa dirisha upate rangi. Penye matundu ya taa, tumia karatasi ya chooni iliyoloweshwa na kukamuliwa, uishindilie kwa kijiti cha meno. Pamba usiiguse, nyuzi zake hunasa kwenye rangi. Kama viti ni vya kadibodi, achana na maji kabisa. Mimi niliwahi kulaza karatasi mbichi ndani ya mfano mmoja usiku wa Julai, na kwa baridi yetu haikukauka; asubuhi viti vilikuwa vimevimba kama maandazi.

Puliza kwa umbali wa sentimita 20 hadi 25, tabaka jepesi kwanza, kopo likipita sambamba na ubavu wa basi. Ukilielekeza moja kwa moja dirishani unaisukuma sponji. Asubuhi za baridi kopo hutema matone. Liweke dakika chache kwenye maji ya uvuguvugu. Jiko la mkaa lisilisogelee hata kidogo, kopo linaweza kulipuka.

Toa sponji rangi ikiwa haishiki tena kidoleni lakini haijawa ngumu. Pitisha ncha ya wembe pale rangi ilipounganisha sponji na plastiki, halafu ivute kwa kibano. Karatasi ikikauka na kugoma, idondoshee tone la maji. Vioo vya plastiki bandika mwisho, kwa ndani.

Basi ulilonalo usilitupe. Vumbi lililotua kavu hutoka kwa mswaki wa zamani. Lililoshika, paka viti upya. Kwa kingo, puliza rangi kidogo kwenye kifuniko cha kopo, chovya brashi nyembamba, uzipitie moja moja.