Makanisa manne, kasisi mmoja: ushauri kwa wachungaji wapya kabla ya Krismasi

Ndugu wachungaji mnaoanza utumishi katika makanisa madogo ya Kiepiskopali ya South Dakota, hasa ninyi mliotoka kwetu Afrika Mashariki na kukabidhiwa mitaa mitatu au minne kwa mpigo, ninaandika haya mwezi wa Oktoba kwa makusudi, kwa kuwa atakayesubiri Jumapili ya kwanza ya Majilio, yaani majuma manne ya kungojea Krismasi, ndipo aanze kupanga Krismasi atakuwa amekwisha kuchelewa. Kanisa hili ndilo Anglikana ya Marekani, kwa hiyo ibada mtaitambua tangu siku ya kwanza. Kitakachowashinda si ibada. Ni umbali, baridi, na uchache wa watu na wa makasisi. Kwetu Mpwapwa Desemba ni mwezi wa mvua, watu wako shambani wakipanda mtama na uwele, na mchungaji akichelewa kwa sababu ya tope husubiriwa mpaka afike. Huku dhoruba ya theluji ikifunga barabara, hufiki kabisa usiku huo.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na makanisa manne, na la mbali lilikuwa maili 80 kutoka nyumbani kwangu, yaani kama kilomita 130. Nikiwa na moyo wa kumpendeza kila mtu, nilitangaza ibada nne za Ushirika Mtakatifu katika mkesha mmoja wa Krismasi: saa 8 mchana, saa 10 na nusu, saa 1 usiku na saa 4 usiku. Mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Kufikia saa 12 jioni upepo ulikuwa ukipeperusha theluji kiasi cha kutoona hata taa za gari la mbele, barabara ikafungwa, nami nikalala kwenye ukumbi wa kanisa la pili. Katika kanisa la tatu watu 19 walikaa na makoti yao wakinisubiri kwa muda wa karibu saa mbili. Walikuwa na Vitabu vya Sala mikononi, na Biblia ilikuwa imefunguliwa juu ya kinara cha kusomea. Miongoni mwao alikuwamo mzee aliyesoma masomo ya ibada katika kanisa hilo kwa zaidi ya miaka 30. Hawakuimba wala hawakuwasha mshumaa, wakaenda zao. Asubuhi nilipompigia simu mzee huyo kumwomba radhi, aliniambia kwa upole, “Baba, hukutuambia kwamba tunaweza.”

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Watu wale walikuwa kanisa kamili usiku ule, nami nilikuwa nimewazoesha kuamini kwamba kanisa hufika pamoja na gari la kasisi. Kwa hiyo ninawasihi: kabla hamjapanga mtakuwa wapi, pangeni ni wapi hamtakuwa, na mwaandae watu wa mahali hapo waabudu vizuri bila ninyi. Kaeni na wazee wa kila kanisa mwezi huu, mkiwa na Kitabu cha Sala cha mwaka 1979 mezani, mkawaonyeshe kwa kidole yale ambayo mlei, yaani mwumini asiye kasisi wala shemasi, anaruhusiwa kuyafanya. Anaweza kuongoza Sala ya Asubuhi au ya Jioni tangu mwanzo hadi mwisho, kusoma masomo na kuongoza maombi. Akiwa na leseni ya askofu anaweza kuhubiri. Na aliyepewa leseni ya kupeleka Ushirika kwa wagonjwa anaweza kutoka ibadani na kwenda nao moja kwa moja hadi kitandani. Shemasi, kwa idhini ya askofu, anaweza kuwagawia watu mkate na divai vilivyokwisha kuwekwa wakfu na kasisi mahali pengine. Yaliyobaki kwa kasisi ni kuweka wakfu, kutangaza ondoleo la dhambi na kutoa baraka. Leseni hizo hazitoki kwa siku moja, na ndiyo maana barua kwa askofu iandikwe sasa.

Kisha mwulizane ni kanisa lipi litakuwa na kasisi usiku wa tarehe 24. Ninapendekeza zamu ya mwaka hadi mwaka, iandikwe na kubandikwa ukutani katika makanisa yote, ili pasiwepo anayedhani kwamba wenye sadaka kubwa ndio wanaopendelewa. Makanisa mengine yapate Ushirika wa Krismasi baadaye, si mapema. Najua wengi hupenda kuwahi tarehe 22 au 23 ili wakamilishe kila kitu kabla ya sikukuu, lakini huko ni kuyakata Majilio kabla hayajaiva. Kanisa limetupa siku 12 za Krismasi, hadi tarehe 5 Januari, na ndani yake zimo sikukuu za Stefano tarehe 26, Yohana tarehe 27 na Watoto Wasio na Hatia tarehe 28. Kanisa langu la mbali sasa huadhimisha Krismasi yake tarehe 27. Wajukuu wanaotoka mijini bado wapo, pilikapilika zimepungua, nami hufika nikiwa na nguvu ya kukaa kula nao.

Angalieni pia kalenda ya miaka mbele. Mwaka 2023 tarehe 24 Desemba iliangukia Jumapili, kwa hiyo asubuhi ilikuwa Jumapili ya nne ya Majilio na jioni mkesha wa Krismasi, nguo za madhabahu zikabadilishwa kutoka zambarau kwenda nyeupe siku hiyohiyo. Hali hiyo itarudi mwaka 2028. Na wenye makanisa pande zote mbili za jimbo hili wasisahau kwamba South Dakota ina majira mawili ya saa, mpaka wake ukifuata kwa sehemu kubwa Mto Missouri, na upande wa magharibi uko nyuma kwa saa moja. Katika kila tangazo andikeni ni saa ya upande gani.

Sasa niseme juu ya kuwatembelea wagonjwa na wazee wasiotoka nyumbani, kwa sababu naona wachungaji wapya wengi huiachia kazi hiyo wiki ya mwisho, wakati ambapo hakuna tena nafasi. Anzeni katikati ya Novemba. Mwaka mmoja nilikwenda kwa bibi mmoja Mdakota, yaani wa mojawapo ya makabila asilia ya huku, ambaye majirani wote humwita Unci, yaani bibi, kama sisi tunavyomwita bibi mtu asiye wa ukoo wetu. Nilikuwa nimeacha sanduku langu la Ushirika ndani ya gari usiku kucha. Nilipolifungua juu ya kitanda chake, chupa ndogo ya divai ilikuwa imepasuka, divai imekuwa barafu nyekundu, na mafuta ya kuwapaka wagonjwa yameganda meupe kama samli. Nilianza kusema kwamba nitarudi siku nyingine. Yeye alinyoosha mkono, akachukua kichupa cha mafuta, akakifumbata katika viganja vyake viwili, akafumba macho na kuanza kuimba taratibu wimbo wa Majilio kwa Kidakota. Aliimba beti zote. Alipokifumbua, mafuta yalikuwa yameanza kuyeyuka pembezoni, yakatosha kulowesha kidole gumba changu. Nilimpaka kwenye paji la uso, naye akanishika mkono kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo sanduku lile hulala ndani ya nyumba, na sipangi zaidi ya nyumba tatu kwa siku.

Kwa wale watakaohudumu katika maeneo ya Wadakota na Walakota, ingieni kwa heshima ya mtu anayeingia nyumba ya watu. Askofu William Hobart Hare aliwekwa wakfu mwaka 1873 kuwa askofu wa Niobrara, eneo la kimisheni lililoundwa kwa ajili ya watu hao, na tangu siku zake Wadakota wenyewe wamekuwa makasisi, mashemasi na wasaidizi wa ibada katika vikanisa vilivyotawanyika nyikani. Philip Deloria, Mdakota, alihudumu kama kasisi kwa miongo kadhaa huko Standing Rock, eneo lililotengwa kwa wenyeji hao. Basi msidhani kwamba mmekuja kuwafundisha jinsi ya kuabudu bila kasisi. Wamefanya hivyo tangu enzi za farasi, na mimi ndiye niliyejifunza kwao. Wana kitabu chao cha nyimbo, na wimbo wa Kidakota ukianzishwa na bibi mmoja nyuma ya kanisa, kinanda kinyamaze. Jueni pia kwamba msiba ukitokea, mkesha wa kilio huwa aghalabu wa siku mbili na maziko siku ya tatu, na ukoo wote hukusanyika. Msiba wa namna hiyo ukiangukia wiki ya Krismasi, futeni ratiba nyingine mkakae nao. Hakuna atakayelalamika kwamba shada la Majilio, lile la matawi na mishumaa, lilikosa kijani kibichi.

Kuhusu safari, nitasema kwa ufupi. Piga 511 kabla ya kutoka upate hali ya barabara. Tangi la mafuta lisishuke chini ya nusu. Ndani ya gari yawemo mablanketi, sepetu, maji, chakula kikavu na chaja ya simu, na ukikwama usiliache gari ukatembea. Mwambie mtu saa unayotoka na saa unayotarajia kufika. Majengo nayo yanahitaji mtu: aliye jirani awashe joto siku moja kabla ya ibada na kuacha bomba lidondoshe maji kidogo, maana bomba lililopasuka kwa barafu linaweza kumaliza akiba ya kanisa lenye watu 15.

Desemba pia ni mwezi wa watu kubisha hodi wakiomba msaada wa gesi ya kupashia nyumba joto. Msingoje mtu afike mlangoni na watoto ndipo mwanze kuhesabu kilichomo katika mfuko wa huruma. Mweka hazina awaambie mapema, na mzungumze na makanisa mengine ya mji huo, ya Kilutheri na ya Kikatoliki, mjue nani anaweza kusaidia kiasi gani.

Mahubiri msiyatungie manne tofauti. Masomo ya Majilio ni yaleyale kila mahali, naye Yohana Mbatizaji katika Jumapili ya pili na ya tatu anatosha kwa kila kanisa, mradi umwangalie kila msikilizaji usoni na kuongeza yale yanayohusu watu wa hapo.

Mwaka wangu wa pili dhoruba ilirudi, usiku uleule wa tarehe 24. Nilikuwa katika kanisa lililokuwa na zamu, na baada ya ibada simu yangu ikaita. Alikuwa yule mzee. Hakusema mengi, aliiweka simu juu ya kinara cha kusomea, nikamsikia akisoma Luka sura ya pili kwa sauti yake nzito, kisha sauti za watu kama kumi na wawili zikiimba polepole, na mtoto akiuliza kama sasa anaweza kuwasha mshumaa wa katikati.

Siku hizi katika kila kanisa tuna bahasha ndani ya droo ya meza ya mavazi: utaratibu wa ibada uliopigwa chapa kwa herufi kubwa, majina ya wasomaji wawili na wa akiba mmoja, namba za simu, kiberiti, na ufunguo wa ziada wa chumba cha tangi la gesi. Anzeni na kanisa la mbali zaidi, wiki hii, kabla theluji ya kwanza haijaanguka.