Maswali na majibu: bunduki ya raia mbele ya dola

Ni kweli serikali humwogopa raia mwenye bunduki? Wamarekani wengi wanashikilia hivyo.

Imani yao ina historia. Marekebisho ya Pili ya Katiba yao, yanayolinda haki ya raia kumiliki na kubeba silaha, yalipopitishwa mwaka 1791, kumbukumbu ya jeshi la mfalme wa Uingereza ilikuwa bado mbichi, na bunduki ya mkulima haikutofautiana sana na ya askari. Lakini mwaka 1794 wakulima wa magharibi mwa Pennsylvania waliinuka kupinga ushuru wa wiski. Rais George Washington akawakusanyia wanamgambo karibu 13,000, na uasi ukasambaratika. Waasisi wenyewe, basi, hawakukubali kwamba mwenye bunduki ana ruhusa ya kupigana na serikali iliyochaguliwa. Leo pengo limepanuka mno, maana dola ina ndege, vifaru na uwezo wa kusikiliza simu yako.

Kwa hiyo dikteta anaweza kuitawala nchi ambayo kila nyumba ina silaha?

Anaweza, na imetokea. Tazama Yemen na Tunisia. Kwa makadirio ya mwaka 2017 ya taasisi ya Small Arms Survey, Yemen ilikuwa na bunduki za raia kama 53 kwa kila watu 100, ya pili duniani baada ya Marekani. Hata hivyo Rais Ali Abdullah Saleh alikaa madarakani miaka 33, na mojawapo ya mbinu zake ilikuwa kuyagonganisha makabila hayohayo yenye silaha. Tunisia ni miongoni mwa nchi ambazo raia wana bunduki chache kabisa. Huko, takriban mwezi mmoja wa maandamano na migomo ulimkimbiza Rais Ben Ali tarehe 14 Januari 2011, baada ya miaka 23 ya utawala.

Mtawala hatawali kwa mikono yake miwili. Anahitaji askari wa kufyatua, karani wa kuandika hati, dereva, mfanyakazi wa bandarini. Hao wakikataa, amri yake inabaki karatasi. Watafiti Erica Chenoweth na Maria Stephan walichambua harakati 323 za kati ya mwaka 1900 na 2006: zisizotumia silaha zilifanikiwa kwa asilimia 53, zilizotumia silaha kwa asilimia 26. Naamini sababu kubwa ni wingi wa watu na aina yao. Kwenye mgomo huingia bibi, mwanafunzi na mwenye duka; msituni huenda vijana wachache. Tena askari aliyeelekezewa mtutu hupiga bila kujiuliza, ila akimwona shangazi yake katikati ya umati, husita.

Mbona Wayahudi wa Ujerumani walinyang'anywa bunduki kwanza, ndipo wakauawa?

Walinyang'anywa, ndiyo, kwa amri ya Novemba 1938. Lakini uraia wao ulikuwa umeshafutwa kwa sheria za Nuremberg za mwaka 1935, na majirani wengi walinyamaza. Walikuwa chini ya asilimia moja ya watu wa nchi hiyo, mbele ya dola ambayo mwaka 1940 iliiangusha Ufaransa, pamoja na jeshi lake lote, kwa wiki sita. Nawaheshimu sana waliopigana katika ghetto la Warsaw, mtaa wa Poland walikofungiwa Wayahudi, mwaka 1943 kwa bastola chache na mabomu ya kujitengenezea. Hata hivyo siwezi kukubali kwamba kilichokosekana Ujerumani kilikuwa bunduki sebuleni.

Hakuna hata mahali pamoja bunduki zilipowasaidia wanyonge?

Papo. Huko Louisiana, kuanzia mwaka 1964, Wamarekani weusi wa kundi la Deacons for Defense walilinda kwa bunduki nyumba za wanaharakati dhidi ya Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, na waliokoa maisha. Lakini walikuwa wakikabili magenge, na serikali kuu ya nchi hatimaye ililishtaki Klan mahakamani. Black Panthers, kundi jingine la Wamarekani weusi, walipoingia na bunduki katika bunge la California mwaka 1967, mwaka huohuo sheria ikapiga marufuku kubeba silaha yenye risasi hadharani. Haki ya kubeba bunduki haijawahi kuonekana sawa katika kila mkono.

Serikali ikikusanya silaha, si ndiyo mwanzo wa udhalimu?

Si lazima. Australia ilikusanya zaidi ya bunduki 600,000 baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur mwaka 1996. Waziri Mkuu aliyesimamia kazi hiyo, John Howard, aliondolewa kwa kura mwaka 2007, akapoteza hata jimbo lake.

Siwaamini polisi. Nichukue kibali cha bastola?

Ndugu yangu, hofu yako siidharau. Lakini ukimtolea bastola askari aliyekuja kukuonea, umempa sababu ya kukuua, na ripoti ataiandika yeye. Kinachomzuia ni mashahidi, wakili anayejua umepelekwa wapi, na namba yake ya kazi uliyoiandika. Fikiria pia waliomo ndani: Marekani, zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki ni vya watu kujiua. Ikiwa nyumbani kwako kuna mtoto, au mtu aliyeelemewa na huzuni, nakusihi usiiingize.