Jibu: Kuchoma nyaya uani na afya ya watoto

Wa alaykumu salaam, dada yangu. Umeuliza kama watoto wako hapo Chake Chake watadhurika na jirani anayechoma nyaya ili apate shaba na kupasua betri chakavu uani, ilhali moshi wenyewe huondoka na upepo. Moshi una sumu zake, lakini kinachonitia hofu zaidi ni vumbi. Risasi, yaani ile metali nzito na laini iliyomo katika betri na lehemu, haiozi wala haiungui ikaisha. Hubaki mchangani miaka mingi, na mtoto anayecheza hapo kisha akatia vidole mdomoni huimeza. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, ikamdhuru ubongo na kumpunguzia damu, mara nyingi bila ya dalili za wazi. Mjamzito naye humpitishia aliye tumboni.

Piga deki kwa maji badala ya kufagia vumbi kavu, waoshe mikono kabla ya kula, na muulize daktari kuhusu kipimo cha risasi katika damu. Jirani nakuomba uzungumze naye kwa upole, ikibidi mbele ya sheha, kwani yeye na wanawe ndio walio karibu zaidi na sumu hiyo.