Kubuni, kuunda au kuumba mhusika?

Swali: Nimekaribishwa katika kikundi kinachocheza kwa njia ya intaneti mchezo wa kusimuliana kisa na kurusha dadu, ambamo kila mchezaji huwa na mhusika wake. Sijawahi kuucheza. Kiongozi wa mchezo amenitaka nije na mhusika aliyekamilika kabla ya kikao cha kwanza, na fomu niliyopewa ilitafsiriwa na kompyuta. Inanitaka "niumbe herufi", nichague "darasa" na "mbio", kisha nijaze viwango vya "nguvu", "katiba", "hekima" na vinginevyo. Wenzangu baadhi husema "kuunda mhusika", wengine "kutengeneza", na mmoja anashikilia "kuumba". Lipi ni sahihi? Tena, tukiwa mchezoni niseme "nafungua mlango" au "mhusika wangu anafungua mlango"? Sentensi niliyoandika ya kujitambulisha ni hii: "Mimi ni herufi wa darasa la mchawi, mbio ya jitu, nina katiba 14 na nimemuua joka lililo mlangoni." Naomba unisahihishie.

Jibu: Kosa la "herufi" si lako. Neno moja la Kiingereza, "character", hubeba maana tatu ambazo Kiswahili huzitenga: alama ya kuandikia, tabia ya mtu, na mtu wa ndani ya kisa. Kompyuta imeokota ile ya kwanza. Wapo pia wanaookota ya pili, wakasema "tabia yangu ni mpiganaji", nao hawakukaribia zaidi, kwa kuwa tabia ni mwenendo alio nao mtu, si mtu mwenyewe. Neno letu ni mhusika, linalotokana na kuhusika, yaani kuwa na sehemu katika jambo, na kwa mchezo huu sioni neno linalofaa kulishinda. Anayeketi mbele ya kompyuta ni mchezaji; yule ambaye mambo ya kisa yanamfika, anayejeruhiwa na kupata hazina, ndiye mhusika. Ukiyatenga maneno hayo mawili tangu mwanzo, nusu ya matatizo ya lugha katika mchezo huu hayatakufika.

Sasa vitenzi. Mwenzenu anayeshikilia "kuumba" ana hoja, na sitaki kumvunja moyo. Kuumba ni kukipa kitu umbo, ndiyo maana tuna umbo, maumbile na kiumbe, na ingawa sikio la wengi humkumbuka Muumba mara lisikiapo kitenzi hicho, wahakiki wa fasihi wamezoea kuandika kwamba mwandishi amewaumba wahusika wake kwa ustadi. Lakini mwandishi wa riwaya yuko peke yake na kalamu yake. Akitaka mhusika wake awe hodari, anakuwa hodari. Mchezaji hana uhuru huo. Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotolewa mwaka 1974 na ambao michezo mingi ya aina hii imeufuata, mhusika alipewa viwango sita vya uwezo, na kila kiwango kilipatikana kwa kurusha dadu tatu na kuzijumlisha. Matokeo yalikuwa kati ya 3 na 18, na kupata 18 ni bahati ya mara 1 katika 216. Siku hizi wengi hurusha dadu nne wakaiacha iliyotoka ndogo kuliko zote, au huzigawanya namba zilizokwisha kupangwa, 15, 14, 13, 12, 10 na 8, kila moja kwenye uwezo wautakao. Kwa vyovyote vile, mchezaji anapewa vipande na kanuni, naye anavioanisha. Hiyo ni kazi ya kuunda, kitenzi kilekile tunachokitumia kwa jahazi: fundi hazioteshi mbao, anazichagua, anazipima na kuzifunga pamoja hadi ziwe chombo kinachoelea.

Kwa hiyo, kwa kazi ya kujaza fomu, kuchagua fani na kupanga viwango, mimi nasema kuunda mhusika. Kwa kazi inayoitangulia, ya kuwaza huyu ni nani, ametoka wapi na anamtafuta nani, nasema kubuni mhusika, maana hapo hakuna dadu, kuna fikira tu. Na kwa kazi inayofuata, pale kikao kinapoanza nawe ukasema na kutenda kwa niaba yake, Kiswahili kina usemi ambao waigizaji na watazamaji wao wanaujua vyema: kuvaa uhusika. "Kutengeneza" si kosa la sarufi, ila ni kitenzi cha kila kitu, kuanzia kiti hadi chai, na hakimwambii msikilizaji uko wapi katika safari hii. Mgeni anayesema "nimembuni lakini sijamuunda" ameeleweka mara moja: ana kisa kichwani, ila bado hana namba. Kwa mgeni huo ndio mfuatano ningeupendelea, kwani aanzaye na namba mara nyingi hujikuta na mashine badala ya mtu. Mfuatano huo una gharama yake, hata hivyo: mhusika uliyembuni awe mwanamieleka anaweza kuja kupata nguvu 7, na ndipo utakapolazimika kurudi kubuni upya.

Majina yaliyomo kwenye fomu yako yanahitaji kuokolewa moja baada ya jingine. "Mbio" ni kichekesho, kwa kuwa linalotakiwa pale si kukimbia bali kusema kama mhusika ni mtu, jitu, mbilikimo au kiumbe mwingine; kwa hiyo andika asili. "Darasa" nalo lina walimu na madaftari ndani yake, na "tabaka" hutupeleka kwenye matajiri na maskini, hali linalozungumzwa ni jambo ambalo mhusika amelisomea au amelizoea kulifanya, yaani fani. "Katiba" ilinichekesha zaidi ya yote. Kiingereza kina neno moja kwa sheria kuu ya nchi na kwa uimara wa mwili, na kompyuta imekupa nchi. Kiwango hicho hupima namna mwili unavyohimili mapigo, sumu na uchovu. Wengine husema "ustahimilivu", lakini ustahimilivu una subira ya moyo ndani yake, na mhusika mwenye hasira za karibu anaweza kuwa na mwili wa chuma. Siha inatosha. Viwango vya wepesi na haiba havina ugomvi mkubwa, mradi haiba isidhaniwe kuwa sura nzuri peke yake. Ni ile hali ya mtu kusikilizwa anapofungua kinywa.

Penye ugomvi ni akili na "hekima". Msomaji wa Kiswahili akiona hekima humwona mzee mwenye kauli chache zinazotuliza mtafaruku, hivyo mgeni hudhani kwamba akiweka namba kubwa hapo mhusika wake atakuwa mshauri mwema. Kisha kikao kinaanza, na kila mara kiongozi wa mchezo anapouliza nani amesikia nyayo gizani, au nani ameng'amua kwamba mwenye duka anadanganya, namba inayotumika ni ileile ya "hekima". Tafsiri haikukosea kikamusi, imekosea kikazi. Mimi ningeandika utambuzi, ili anayepanga namba zake ajue anachokinunua: akili ni kwa yale aliyojifunza na kuyakumbuka, utambuzi ni kwa yale anayoyaona na kuyahisi yalipo. Ikiwa kikundi chenu kimekwisha kuzoea "hekima", usianzishe vita kwa ajili hiyo, ila umfahamishe kila mgeni maana yake.

Kuhusu "mchawi", tahadhari. Katika michezo hii fani hiyo kwa kawaida ni ya mtu aliyesoma vitabu vingi hadi akaweza kuwasha moto kwa maneno, na hana ubaya wala wema mpaka mchezaji aamue. Kwetu mchawi ni tuhuma kabla hajatenda lolote, na mlozi ni yuleyule kwa jina jingine. Mganga naye hutibu, kwa hiyo anafaa zaidi kwa fani ya uponyaji, na mtu wa mazingaombwe huonekana kama anayetumbuiza watu. Ikiwa unamtaka mhusika ambaye wanakijiji wa kwenye kisa watamkimbia, mwache awe mchawi, na tuhuma hiyo itakufanyia kazi nzuri. Ikiwa sivyo, mjuzi wa sihiri ni maelezo yasiyomhukumu.

Neno moja juu ya dadu, maana nimesikia watu wakisema "dadu ya pembe ishirini". Kinachohesabiwa ni nyuso, si pembe. Dadu ya kawaida ina nyuso 6 na pembe 8, kwa hiyo "dadu ya pembe sita" haipo katika mfuko wa mtu yeyote. Sema dadu ya nyuso 20, au ya pande 20 ikiwa ndivyo kikundi kilivyozoea. Nayo hurushwa, haitupwi, hata pale kompyuta inapoirusha kwa niaba yenu.

Nafsi sasa. "Nafungua mlango" na "mhusika wangu anafungua mlango" zote ni sahihi kisarufi, ila hazisemi jambo moja. Ya kwanza imevaa uhusika. Ya pili imesimama kando na kusimulia. Hakuna anayekulazimisha kuvaa tangu siku ya kwanza, na wageni wengi huona nafuu kuanza na nafsi ya tatu kwa kulitaja jina la mhusika. Kinachosumbua ni kuchanganya, hasa kwenye intaneti, ambako mara nyingi husikika sauti tu. Mtu akisema "jamani nimechoka, natoka", wenzake hawajui kama mhusika anatoka pangoni au mchezaji anakwenda kulala, na nimewahi kusikia kikundi kizima kikijadiliana kwa dakika kadhaa jinsi ya kumzuia mtu asiondoke pangoni, kumbe mwenyewe amekwisha kuzima kompyuta. Unapotoka nje ya kisa, jitambulishe: "mimi mchezaji naomba mapumziko".

Lakini kosa kubwa la wageni, ambalo hukuliuliza ila limo katika sentensi yako, ni kiambishi -me-. Umeandika "nimemuua joka". Hali ya -me- husema tendo limetimia na matokeo yake yapo, na katika mchezo huu hakuna tendo lenye mashaka linalotimia kabla dadu haijasema. Anayetamka "nimemkata kichwa" amejipa ushindi ambao si wake kuutoa, na hata kama nia yake ilikuwa njema, mezani husikika kama ujeuri. Mchezaji atangaze nia kwa -na- au -ta-, au aseme wazi anajaribu: "namrukia joka", "nitaurukia ukuta", "najaribu kulifungua kufuli". Kiongozi wa mchezo, baada ya dadu, ndiye mwenye haki ya -me-, na zaidi ya hiyo ndiye mwenye -ka-, kiambishi cha wasimulizi wetu wote: "Umemrukia, ukamkosa, ukaanguka kifudifudi, naye akageuka." Msururu huo wa -ka- hauwezi kuanza hewani, unahitaji kitenzi cha kuubeba, na kitenzi hicho ni lile tendo lililotangazwa na mchezaji. Nadhani ndiyo sababu Kiswahili hukaa vizuri mno katika mchezo huu: mmoja anakabidhi nia, mwingine anaipokea kwa -ka- na kuiendeleza.

Linabaki joka, ambalo kwako limeshika upatanisho wa aina mbili katika sentensi moja, "nimemuua" na "lililo". Viumbe wenye uhai huchukua upatanisho wa a-wa katika Kiswahili sanifu, hata jina likiwa la ngeli nyingine, lakini majina ya ukubwa na ya vitisho hayajawahi kuliacha li- moja kwa moja. Methali bado inasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Uamuzi wangu, ambao si wa kamusi, ni huu: mhusika wa mchezaji apewe a-wa daima, awe jitu au zimwi, kwa kuwa ana nia na jina, ilhali yule anayengoja gizani anaweza kuachiwa li- kiongozi akitaka watu watetemeke. Mradi aliyechagua asibadili katikati ya sentensi.

Sentensi yako, kwa kuwa unajitambulisha kabla ya kikao na joka bado yu hai, ningeiandika hivi: "Mhusika wangu ni jitu, fani yake ni ujuzi wa sihiri, ana siha 14, na anakusudia kumuua joka aliye mlangoni." Ukitaka kuvaa uhusika tangu hapo, iandike hivi: "Mimi ni jitu, mjuzi wa sihiri, na joka aliye mlangoni nitamuua." Siha 14 iache kwenye fomu, jitu mwenyewe hazijui namba zake.