Paka wa uani ana mimba na hataki kushikwa

SWALI: Shikamoo Bibi. Nimepanga vyumba viwili na stoo Magomeni, nyumba ya wapangaji wanne. Kuna paka jike wa mabakamabaka ambaye tangu mwezi wa Ramadhani anakuja kula vichwa vya samaki mlangoni kwangu. Ukimsogelea anakimbia, lakini usiku nikiacha stoo wazi anaingia kulala juu ya magunia. Sasa tumbo limeshuka na chuchu zimevimba. Nataka azalie ndani maana mvua zimeanza. Juzi nilijaribu kumshika nimtie kwenye boksi, akanikwaruza mkono hadi damu. Wifi yangu ninayeishi naye ana mimba ya miezi minne; mama mkwe anasema paka ataidhuru mimba hiyo, na kwamba anatia najisi nyumba ya watu wanaoswali. Mwenye nyumba naye ameapa akizaa atawatia wote kwenye gunia akawatupe Feri. Nifanyeje?
Msomaji, Magomeni, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla ya paka, mkono wako. Kichaa cha mbwa hakiko kwa mbwa peke yao, na paka wa mtaani hana cheti cha chanjo. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa hadi damu huosha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima, kisha huenda hospitali siku ileile. Wewe umeandika "juzi". Gazeti likikufikia kama hujaenda, nenda leo, uwaeleze kama ulivyonieleza mimi, na uulize pia sindano ya pepopunda. Usipake majivu wala kitunguu.

Sasa paka. Usimshike tena. Huyo si paka mkorofi. Ni paka aliyeishi kwa kuwakimbia watu, na mimba imemzidishia hofu. Tayari amekupa kitu ambacho wengi hawapewi: ameichagua stoo yako mwenyewe. Kazi yako ni kuifanya stoo hiyo imfae kuliko dari la jirani, halafu umwache.

Ondoa sumu ya panya, hata ile iliyomwagika nyuma ya ndoo. Panya aliyekula sumu akiliwa na paka, paka naye yumo hatarini. Tafuta boksi kubwa, kama la televisheni, ulilaze kwenye kona yenye giza, na mdomo wake uelekee ukutani. Kata mlango wa kumtosha yeye tu, ukiacha kizingiti cha kama vidole vinne ili watoto wasitambae nje. Ndani tandika magazeti mengi na juu yake kanga kuukuu. Sweta la nyuzi usiweke, kucha za watoto hunasa humo, na sponji la godoro hunyonya mkojo likanuka. Kwa kuwa uko Magomeni na naijua Jangwani ikifurika, inua boksi kwa matofali.

Choo chake ni beseni pana lenye mchanga, mbali na chakula. Chota mchanga huo palepale anapochimbia uani, harufu itamwelekeza. Baadaye unaweza kuchanganya na maranda ya fundi seremala.

Chakula ndicho kitakachokusemea. Weka saa zilezile kila siku, kaa chini mbali kidogo, usimtazame usoni, ongea au sikiliza redio, kisha ondoka. Mpe dagaa waliochemshwa bila chumvi wala kitunguu, minofu ya samaki, na maini kidogo mara moja kwa wiki. Ugali uwe wa kuchanganyia tu. Paka anahitaji nyama, na ugali mtupu utamjaza tumbo bila kumlisha. Akinyonyesha atakula mara mbili ya kawaida, pengine zaidi, usimpimie. Maziwa ya ng'ombe achana nayo, paka wengi wakubwa huyaharisha. Mpe maji safi.

Mimba ya paka huchukua siku 63 hadi 65 hivi. Kwa unavyoeleza, chuchu zimevimba na tumbo limeshuka, hana muda mrefu. Ukimwona anakwaruza magazeti, anaingia na kutoka, hagusi chakula, jua ni karibu. Wengi huzaa usiku. Watoto hufuatana kwa dakika kumi hadi saa moja, na wapo wanaopumzika saa kadhaa katikati kisha wakaendelea. Atakata kitovu mwenyewe na kula kondo la nyuma, usimnyang'anye. Hapo wewe huna kazi yoyote, na majirani wanaotaka kuja kutazama hawana kazi zaidi yako. Mpigie daktari wa mifugo iwapo anasukuma kwa nguvu zaidi ya nusu saa bila mtoto kutoka, au mtoto amekwama, au anatoka damu nyingi au uchafu unaonuka. Namba ya daktari itafute sasa, usingoje saa nane za usiku. Humjui? Muulize afisa mifugo wa kata.

Hadi azae, mlango wa stoo uwe wazi aingie na kutoka. Akishazaa, ufunge. Shume wa mtaani huua watoto wachanga, na yeye mwenyewe akitoka anaweza kushika mimba nyingine angali ananyonyesha. Akihangaika mno hadi anajirusha dirishani, mfungulie, atarudi kunyonyesha. Lakini wengi, wakiwa na chakula, maji na choo, hutulia siku ya pili.

Siku ya kwanza usiguse boksi kabisa. Maziwa ya mwanzo ndiyo kinga ya watoto, na huwafaa zaidi saa 24 za mwanzo, asikatishwe. Paka mwenye wasiwasi huwabeba watoto kwa shingo, mmoja mmoja, na ukija asubuhi boksi ni tupu, wako darini kwa mpangaji wa tatu. Kuanzia siku ya pili, akiwa anakula upande wa pili wa stoo, chungulia uhesabu. Watoto walioshiba hulala wamebanana, matumbo mviringo, kimya. Anayelia bila kukoma na tumbo limenywea hapati maziwa. Kama una mzani wa jikoni, mtoto mchanga huwa na karibu gramu 100, na aongezeke gramu 10 hivi kila siku. Aliyebaki palepale siku mbili apelekwe kwa daktari.

Hili nalisisitiza kwa sababu watu wenye huruma huua watoto wa paka kwalo: mtoto aliyepoa hapewi maziwa. Mpashe joto kwanza, polepole, kifuani mwako au kando ya chupa ya maji ya moto iliyofungwa kanga, mpaka mdomo wake uwe na joto. Akinyweshwa angali baridi, maziwa hayasagiki tumboni, au humwingia mapafuni.

Viroboto watakuwepo, na watoto wachanga hunyonywa damu hadi fizi zikawa nyeupe. Tumia chanuo la chawa na kitambaa chenye maji vuguvugu. Unga wa viroboto wa kuku usiutie humo, na dawa za mbwa zenye permethrini huua paka, hata mkubwa. Panadol pia ni sumu kwake. Nataja kwa sababu kuna mtu atashauri. Dawa ya minyoo watoto huanza wakiwa na wiki mbili hadi tatu, kwa kipimo cha daktari.

Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Kuanzia wiki ya pili hadi ya saba ndipo mtoto wa paka anapojifunza kwamba mtu si adui, na mlango huo ukifungwa huwa mgumu kufunguka. Kwa hiyo, mama akiwa anakula, washike dakika chache kila siku, wasikie sauti za watoto wa nyumba na sufuria zikianguka. Mama akikufokea, rudi nyuma. Yeye huenda asikubali kushikwa maisha yake yote, na wala si lazima akubali. Watoto ndio watakaokaa mapajani mwa watu.

Kuhusu wifi, mama mkwe hajakosea kabisa. Kuna kimelea kiitwacho toksoplazma, hupatikana kwenye kinyesi cha paka aliyeambukizwa, na mjamzito akikipata kwa mara ya kwanza mimba inaweza kudhurika. Lakini hakitoki kwenye manyoya wala pumzi. Kinyesi huchukua angalau siku nzima kabla ya kuwa na uwezo wa kuambukiza, kwa hiyo safisha beseni kila siku, wewe, si wifi, kisha unawe kwa sabuni. Naye asile nyama isiyoiva vizuri, aoshe kachumbari na mchicha, na avae glavu akigusa udongo, maana huko nako kimo. Aitaje habari hii kliniki.

Kuhusu najisi, mkumbushe mama mkwe kwa adabu hadithi ya Abu Qatada, aliyekiinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe, akaeleza kwamba Mtume (S.A.W.) alisema paka si najisi, ni miongoni mwa wanaowazungukia. Mkojo na kinyesi ni mambo mengine, huoshwa. Mswala usikae stoo.

Mwenye nyumba usimwanzie na sheria, ingawa ipo: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili wa namna hiyo. Mwanzie na tarehe. Mwambie watoto wakifika wiki nane watagawiwa, uyataje majina ya watakaowachukua, na kwamba mama atafungwa kizazi hivyo hatazaa tena hapo. Kisha timiza. Watoto wakishaacha kunyonya, muombe daktari kitundu cha mtego; chakula ndani, mlango unajifunga, hakuna wa kukwaruzwa. Na umuulize bei mapema, uanze kuweka akiba sasa.

SWALI: Paka wangu amezaa watatu, akamla mmoja. Je, amerukwa na akili? Nimtupe?
Msomaji, Majengo, Mombasa

JIBU: Hapana, na usimtupe. Mara nyingi aliyeliwa alikuwa amekufa au mgonjwa, na mama huondoa mzoga ili harufu isilete adui. Wengine hufanya hivyo kwa hofu, hasa mzao wa kwanza, watu wakizidi kufunuafunua. Mwekee chakula kingi karibu, funika boksi kwa shuka, uwazuie watoto wako. Waliobaki wakiwa wananyonya na kulala, mwache alee.

SWALI: Huku kwetu siafu huja na mvua. Mwaka jana walimaliza watoto wote wa paka usiku mmoja. Nifanye nini safari hii?
Msomaji, Bukoba Vijijini

JIBU: Weka boksi juu ya meza, kila mguu ndani ya kopo la maji yenye sabuni, na meza isiguse ukuta, kwani siafu watapita ukutani. Weka kiti kando kwa ajili ya mama kupandia, nacho miguu yake iwe majini. Mabaki ya samaki yatoe nje kabla ya kulala. Siafu wakishaingia usipigane nao: beba boksi zima na watoto ndani, uhamie chumba kingine au kwa jirani, mama atafuata sauti. Mafuta ya taa mwagia njia yao huko nje ya nyumba, kamwe si karibu na watoto.